Fundo la Leso: Mwongozo wa Vipimo vya Ini na Kongosho kwa Wakazi wa Kasese na Bwera

Mama mmoja wa makamo aliletwa maabara siku niliyokuwa zamu, karatasi ya daktari mkononi, weupe wa macho yake umeshika umanjano. Alikuwa ametokea upande wa Mpondwe. Kabla sijamfunga mpira mkononi nilimuuliza, "Mama, tangu Jumapili umemeza nini?"

"Sijameza kitu, mwanangu. Panadol tu."

Nikamwomba nizione. Akafungua fundo la leso, lile la pembeni ambalo kina mama hufungia hela za sokoni, akaweka mezani vitu vitatu. Cha kwanza kilikuwa bamba la Panadol lililobaki vidonge viwili. Cha pili, kikaratasi cha kaki chenye kapsuli za mafua alizohesabiwa dukani bila boksi. Cha tatu, kipande cha bamba chenye maandishi ya Kifaransa, alichonunuliwa na shemeji yake Kasindi, ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Nilisoma herufi ndogo: "paracétamol 500 mg". Muuza duka tukampigia simu, naye akakubali kwamba zile kapsuli za mafua nazo zina parasetamoli ndani. Mama wa watu alikuwa akimeza dawa moja kwa majina matatu, siku nne mfululizo, na katika siku hizo nne hakikupita kooni ila uji kidogo.

Mashine ilitupa namba. Maana ya namba ilitoka kwenye leso. Nimeshika mirija ya damu miaka mingi, na jambo ninalotaka ulichukue hapa ni hili: habari zako ni sehemu ya kipimo. Zisipofika maabara pamoja na damu, nusu ya kipimo imebaki nyumbani.

Ini linavyoishughulikia dawa

Dawa nyingi tunazomeza huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo figo haziwezi kuzitoa jinsi zilivyo. Ini ndilo linalozigeuza. Kwanza kundi la vimeng'enya viitwavyo sitokromu P450 huichonga dawa na kuiwekea mahali pa kushikia. Kisha vimeng'enya vingine huibandika kitu kinachoyeyuka majini, nayo hutoka kwa mkojo au huteremka na nyongo kwenye utumbo. Kazi hii huendelea usiku na mchana bila wewe kuhisi chochote. Shida ni kwamba mara nyingine ule uchongaji wa kwanza huzaa sumu iliyo kali kuliko dawa yenyewe.

Parasetamoli inalionyesha hilo vizuri. Sehemu yake kubwa hubandikwa moja kwa moja na kutoka salama. Sehemu ndogo hupitia kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 na kugeuka kitu kinachoshambulia protini za seli za ini. Ini huweka akiba ya glutathioni ya kukituliza. Ukila vizuri na kumeza kwa kipimo, akiba inatosha. Ukishinda na njaa, akiba inapungua. Ukinywa pombe kila siku, CYP2E1 huongezeka, na sumu inayozalishwa huongezeka nayo. Sasa unganisha homa iliyomnyima mtu chakula na vidonge vya majina matatu, utaelewa kilichompata yule mama.

Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, akiachanisha dozi kwa saa 4 hadi 6. Aliye chini ya kilo 50, mnywaji, au aliyekaa siku kadhaa bila kula apangiwe kiasi kidogo zaidi na mhudumu wa afya. Sisi tunaokaa mpakani tuna kazi ya ziada, kusoma majina. Paketi za Kongo zinaweza kuandikwa Doliprane au Efferalgan, na ndugu aliyeko Marekani anaweza kukutumia Tylenol yenye neno acetaminophen. Zote ni parasetamoli. Kapsuli na sirapu nyingi za mafua pia huibeba. Dawa uliyohesabiwa kwenye karatasi ya kaki mwombe muuzaji aiandikie jina hapo hapo, kwa kalamu. Ni haki yako, na muuzaji mwema hakasiriki.

Mtu aliyezidisha, au mtoto aliyemaliza chupa ya sirapu, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Ipo dawa ya kumwokoa, asetilisisteini, nayo hufanya kazi vyema zaidi ikianza ndani ya saa 8. Wengi hudanganyika kwa sababu siku ya kwanza mgonjwa huonekana mzima na hata kipimo cha ini hutoka safi. Madhara hujitokeza siku ya pili na ya tatu. Ukingoja macho yageuke manjano, utakuwa umechelewa.

Dawa za TB na za HIV

Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaotumwa kupima ini wilayani kwetu wako kwenye dawa hizi.

Isoniazidi, inayotumika kutibu TB na pia kuizuia kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, huondolewa na kimeng'enya kiitwacho NAT2. Takriban nusu ya watu wa Afrika Mashariki wamezaliwa na NAT2 inayokwenda polepole. Huo si ugonjwa wala kasoro, ni urithi kama kimo. Lakini kwao dawa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na uwezekano wa ini kuumia au nyayo kufa ganzi huwa mkubwa zaidi. Kwa ajili ya ganzi hiyo, isoniazidi hutolewa pamoja na vitamini B6. Kile kidonge kidogo usikiache kwa kudhani ni cha kuongeza damu tu.

Rifampisini ina tabia nyingine kabisa. Yenyewe huviamsha vimeng'enya vya ini, na baada ya wiki moja au mbili ini huanza kuziondoa dawa nyingine kwa kasi isiyo ya kawaida. Vidonge vya uzazi wa mpango na vipandikizi vya mkononi hupungua nguvu. Dolutegraviri, dawa ya HIV inayomezwa mara moja kwa siku, hulazimika kumezwa asubuhi na jioni. Nimewaona kina dada walioshika mimba kwenye matibabu ya TB kwa sababu kliniki ya TB na kliniki ya uzazi wa mpango ni milango miwili, na hakuna aliyewaambia wapeleke habari kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Peleka mwenyewe. Ingia useme, "Nimeanza dawa za TB, njia yangu bado inafaa?"

Rifampisini hiyo hiyo hugeuza mkojo kuwa na rangi ya chungwa au nyekundu, na watu huja maabara wakitetemeka wakidhani ini limekwisha. Toka nje kwenye mwanga wa jua, mtu akutazame weupe wa macho. Ukiwa mweupe, mkojo umebeba rangi ya dawa tu. Dalili zenyewe za hatari ni kichefuchefu kisichoisha, chakula kukuchukiza, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, na macho ya manjano. Ukiziona ukiwa kwenye dawa za TB, usimeze dozi inayofuata kabla hujaonana na mhudumu, na uende siku hiyo hiyo. Kwa kawaida daktari huzisimamisha dawa ikiwa ALT, kimeng'enya kinachovuja ini likiumia, imevuka mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida kwa mwenye dalili, au mara 5 hata kwa asiye na dalili, kisha huzirudisha moja moja kwa mpangilio. Kuziacha mwenyewe kimyakimya na kukaa nyumbani ni njia ya kuzalisha TB sugu.

Uganda ilianza kuhamia dolutegraviri mwaka 2018. Kabla ya hapo wengi walimeza efavirenzi, na wapo walioteswa na kizunguzungu na ndoto za kutisha. Baadhi yao walizaliwa na kimeng'enya CYP2B6 kinachofanya kazi pole, dawa ikawa inajaa damuni dozi baada ya dozi. Nawajua waliosemwa kwamba wamerogwa. Ilikuwa kemia, nao walistahili kuelezwa hivyo mapema.

Mitishamba na waragi

Tunapokuuliza kuhusu dawa za kienyeji hatukusudii kukukemea. Mwaka 2012 watafiti waliofanya kazi Rakai, kusini mwa Uganda, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watumiaji wa mitishamba ya familia fulani za mimea walikuwa na makovu ya ini zaidi kuliko wasiotumia. Uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi kwamba kila jani ni sumu, na baadhi ya dawa zetu za hospitali zilitokana na majani na magome. Ila jani nalo hupita kwenye ini lile lile, kwa vimeng'enya vile vile. Hata balungi, tunda unalolijua, huzuia kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 na kuzifanya baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli zijae damuni. Basi lete jani lenyewe. Likiwa limesagwa, lete unga kwenye kikopo pamoja na jina alilokutajia mganga, kwa Lhukonzo au Kinande au lugha yoyote, tutaandika kama lilivyo.

Kuhusu pombe, taja kiasi cha kweli. "Kidogo tu" haina maana kwenye faili. Sema ni glasi ngapi za waragi, kopo ngapi za tonto au kasiksi, siku ngapi kwa wiki, na ya mwisho ulikunywa lini. Ninaandika hivi nikiwa na wajomba wawili waliozikwa na maji tumboni, na wote wawili walikuwa wakimwambia daktari kwamba hawanywi.

Na njugu au mahindi yaliyoota ukungu usiyaokoe kwa kuyakaanga. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiishi kwa moto wa jikoni, na ini likiichonga huigeuza kitu kinachojishikiza kwenye vinasaba na kuweza kuanzisha saratani. Mwenye homa ya ini ya B anapoila, hatari huzidishana.

Kabla ya sindano

Piga simu kwanza. Mashine ya kemia ya damu hupatikana zaidi kwenye ngazi ya hospitali, mfano Bwera au Kagando, na kwenye baadhi ya vituo vikubwa na maabara binafsi mjini Kasese. Mashine inaweza kuwa nzima lakini vitendanishi vimeisha. Kutoka milimani ukakodi boda mpaka barabarani, kisha teksi, ukaambiwa urudi wiki ijayo, ni hasara ambayo simu moja ingeizuia.

Siku mbili au tatu kabla ya kupima, usibebe mizigo mizito ikiwa unaweza kuepuka. Vimeng'enya AST na ALT, vinavyopimwa kuonyesha majeraha ya ini, vimo pia kwenye misuli. Aliyeshusha magunia ya kahawa kutoka mlimani, aliyelima kutwa nzima, au wapagazi wanaorudi kutoka Rwenzori wanaweza kuonekana wana ini baya kumbe ni mapaja na mabega yanayojitibu. Sindano ya takoni hufanya jambo hilo hilo kwa kiasi kidogo. Kama huwezi kuepuka kazi, na wengi hatuwezi, itaje. Daktari anaweza kuongeza kipimo cha CK, ambacho hutoka kwenye misuli na si kwenye ini, akazitenganisha habari hizo mbili.

Kufunga kula si lazima kwa vipimo vya ini na kongosho peke yake, ila kama daktari ameandika pia sukari au mafuta ya damu, fuata maelekezo ya hivyo. Maji unaweza kunywa.

Damu yenyewe ikishatoka inahitaji uangalizi. Huachwa nusu saa igande, kisha huzungushwa kwenye sentrifuji, chembe nyekundu zikae chini na serumu ibaki juu. Serumu nzuri ina rangi ya majani makavu. Ya mwenye umanjano hukolea kama mafuta ya alizeti. Ya mwenye mafuta mengi damuni ni nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji. Na ile tunayoichukia hutoka nyekundu kama maji yaliyooshewa nyama, maana chembe nyekundu zimepasuka, na kwa kuwa zenyewe zina AST nyingi, AST hupanda kwa uongo na potasiamu nayo hupanda. Jua nalo lina wizi wake. Mrija ukiachwa kwenye jua kali kwa saa moja, bilirubini inaweza kupungua hadi nusu.

Nakumbuka sampuli iliyosafirishwa kutoka kituo kimoja ikiwa kwenye mfuko wa koti la mwendesha pikipiki, barabara ya mawe, jua la saa saba. Ilifika nyekundu. Aliyekuwa zamu aliipima hivyo hivyo na kutoa AST ya kutisha, na baba wa watoto watano akaambiwa aache dawa zake za TB. Zilipita wiki mbili ndipo damu mpya ikachukuliwa, nayo ikatoka ya kawaida. Wiki mbili bila dawa ya TB si jambo dogo. Kwa hiyo ukipewa jibu la kushtusha huku mwili unajisikia vizuri, uliza bila woga: "Sampuli yangu ilikuwa nzuri? Haikupasuka?" Maabara inayojiheshimu huliandika hilo kwenye karatasi.

Kuisoma karatasi

Usiihesabu mistari yenye nyota. Tazama makundi.

ALT na AST ni vimeng'enya vinavyovuja seli zinapoumia. Vinakuambia kuna majeraha, havikuambii ini bado lina nguvu kiasi gani. ALT iliyofika maelfu hutokana zaidi na virusi vikali vya homa ya ini, sumu ya dawa, au ini lililokosa damu ghafla. Kwa mnywaji wa muda mrefu mara nyingi AST huwa mara mbili au zaidi ya ALT, na zote mbili hazipandi sana. Kisha lipo jambo linaloumiza moyo: ini lililokwisha kuwa kovu tupu linaweza kutoa ALT ya kawaida, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache.

Vimeng'enya vingine, ALP na GGT, vikipanda pamoja, fikiria mfereji wa nyongo uliozibwa au kubanwa. ALP ikipanda peke yake, inaweza kuwa inatoka kwenye mifupa ya kijana anayekua au kwenye kondo la nyuma la mjamzito, na hapo hakuna ugonjwa wowote.

Nguvu ya ini imo kwenye mistari ambayo wengi huipita: albumini, na muda wa damu kuganda unaoandikwa INR. Hizo ni kazi za mikono ya ini lenyewe. Albumini hushuka polepole, kwa wiki kadhaa, na hushuka pia kwa njaa na kwa ugonjwa wa figo. INR hubadilika ndani ya siku moja au mbili. Mgonjwa mwenye ALT kubwa na INR iliyotulia ananipa matumaini. Mgonjwa ambaye ALT yake inashuka huku INR inapanda, na ameanza kuchanganyikiwa maneno, huyo ni wa kukimbizwa.

Bilirubini ni taka ya chembe nyekundu zilizozeeka. Ini huigeuza iyeyuke majini, kisha huitoa kwa nyongo. Karatasi nyingi huitaja kwa mafungu mawili, jumla na ile iliyokwisha kugeuzwa. Hapa ndipo watoto wetu wenye selimundu, siko seli kama tunavyoita, huonewa. Macho yao huwa manjano kwa sababu chembe zinapasuka mapema. Bilirubini isiyogeuzwa ndiyo inayopanda, ALT haina shida, na mkojo hauna bilirubini. Malaria kali nayo hupasua chembe. Mtoto wa namna hiyo hahitaji kunyimwa mafuta wala kunyweshwa majani ya "kusafisha ini". Kinyume chake, mkojo ukiwa kama chai ya rangi na choo kikapauka kama udongo wa mfinyanzi, nyongo imezuiwa njiani, na hapo picha ya ultrasaundi inahitajika haraka. Choo chako unakiona wewe, mashine haikioni. Kiseme.

Viwango vya kawaida hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo linganisha namba yako na safu iliyochapwa pembeni mwake kwenye karatasi hiyo hiyo, si na ya jirani. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa watu wenye afya kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, wakiwamo wa Masaka na Entebbe, ukaonyesha kwamba kiwango cha juu cha bilirubini kwetu ni kikubwa kuliko kile kilichoandikwa kwa Wamarekani. Wapo wazima walioitwa wagonjwa kwa kupimwa kwa rula ya wengine.

Kingine: vipimo vya ini havikuambii kama una homa ya ini ya B. Homa hiyo ina kipimo chake peke yake, na mtu anaweza kuwa na kirusi huku ALT yake imetulia tuli. Watoto wa Uganda huchanjwa tangu 2002, lakini uliyezaliwa kabla ya hapo pima, na ukiwa salama uchanjwe.

Kongosho

Kongosho limejificha nyuma ya tumbo, na maumivu yake hujulikana: juu ya kitovu, makali, yanayopenya mpaka mgongoni, mgonjwa akitaka kuinama mbele ili apate nafuu, na kutapika kusikomletea ahueni. Ukimpeleka mtu wa hivyo, omba kipimo cha lipesi, kimeng'enya cha kongosho, ikiwa kipo. Amilesi, kimeng'enya kingine cha kongosho, hutoka pia kwenye tezi za mate, hata matubwitubwi huipandisha, tena hurudi chini ndani ya siku 3 hadi 5. Aliyevumilia nyumbani wiki nzima anaweza kupimwa amilesi ikatoka safi, ilhali lipesi hubaki juu wiki moja hadi mbili. Namba inayozidi mara 3 ya kiwango cha juu, pamoja na maumivu ya aina hiyo, inatosha kumfanya daktari aseme kongosho limevimba. Ila ukubwa wa namba haupimi ukali wa ugonjwa. Pumzi, mkojo na presha ndizo zinazotazamwa.

Sababu kubwa ni mawe ya nyongo na pombe. Dawa nazo zimo: valproeti ya kifafa, na zamani didanosini na stavudini za HIV. Kwa hiyo hata hapa leso ifunguliwe.

Kongosho likiumia taratibu kwa miaka, choo huwa cha mafuta, kinaelea na kunuka, mwili unakonda, na sukari inaweza kupanda. Uganda ina historia yake katika jambo hili. Mulago, miaka ya 1940 na 1950, madaktari Hugh Trowell na Jack Davies walionyesha kwamba watoto wenye kwashakoo huwa na kongosho lililonyauka seli zinazotengeneza vimeng'enya vya kumeng'enya chakula. Mtoto aliyekosa protini hukosa na zana za kuitumia protini anayopewa. Ndiyo maana lishe ya hospitali huanza kidogokidogo, na bibi anayeona mjukuu wake anapewa maziwa kidogo mno asiongeze kwa siri.

Homa ya mpakani

Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilitangaza Ebola kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka na familia yake kutoka Kongo. Walikuwa wamefika Hospitali ya Kagando, wahudumu wakashuku, naye akahamishiwa kituo cha matibabu ya Ebola Bwera. Sampuli ilithibitishwa na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, Entebbe. Ninalitaja kwa sababu Ebola huanza kama malaria au homa ya tumbo, na kemia ya damu huingia humo humo. Damu za wagonjwa wa mlipuko wa Gulu wa 2000 zilipochunguzwa baadaye, waliofariki walikuwa na AST iliyopanda sana mapema, na amilesi pia ilikuwa juu. Ini na kongosho vyote vilikuwa vinaumia.

Mfanyakazi wa maabara hajui hayo anapokushika mkono. Ukiwa na homa na umetoka kwenye msiba ng'ambo, umemuuguza mtu aliyetoka damu, au umeshika maiti, sema mlangoni kabla ya kuketi. Hutafukuzwa. Utapokelewa kwa glovu na nguo za kinga, na damu yako itapelekwa panapofaa.

Kurudi

Kipimo kimoja hakitoshi kuonyesha mwelekeo. Nusu ya ALT iliyomo damuni huondoka kwa takriban siku mbili, AST huondoka upesi zaidi, kwa hiyo kurudia baada ya siku chache huonyesha kama majeraha yanaendelea au yamekoma. Rudia kwenye maabara ile ile ukiweza, uandike tarehe juu ya kila karatasi, na pembeni uandike dawa ulizokuwa ukimeza siku hiyo.

Yule mama alilazwa, akapewa asetilisisteini. ALT yake iliendelea kupanda kesho yake, ikasimama, kisha ikaanza kuteremka. INR haikuvuka mahali pa kutuogopesha. Aliporudi baada ya wiki mbili alifungua fundo la leso kabla sijauliza. Mlikuwa na karatasi zake za majibu, zimekunjwa mara nne, na bamba moja tu la dawa ya presha ambalo mjukuu wake alikuwa ameliandikia jina kwa kalamu ya buluu.